Aliyemwitikia Mke Wangu

Msomaji wangu, wiki iliyopita uliniacha nje ya ukumbi wa sinema, kiatu kimoja mguuni, kingine Bosi, mwenye ukumbi, kakitupa barabarani. Kiatu nilikiokota. Heshima yangu bado iko pale pale kwenye lami, inakanyagwa.

Na wewe uliyelikuta gazeti hili limefungiwa sabuni dukani, usihangaike. Nakupa kwa ufupi.

Mimi na marehemu mke wangu tulikuwa watia sauti. Filamu inatoka nchi za mbali, wanaongea lugha yao, watu wetu hawaambulii kitu. Basi sisi tunakaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, tunaongea badala yao kwa Kiswahili. Mimi wanaume wote, kuanzia jambazi hadi hakimu. Yeye wanawake wote, na watoto, na mbwa akitokea wa kubweka.

Tulitia sauti papo kwa papo. Filamu ikiisha, na maneno yetu yamekwisha, kama mvuke wa chai.

Kisha bibie akaugua. Wakubwa wa hospitali wakamzungusha: nenda dirisha lile, rudi dirisha hili, mpaka akanifia kwenye foleni. Ukiwauliza wakubwa, kila mmoja alikuwa kikaoni. Hilo nimeshalililia humu, silirudii.

Mtoto hatukujaliwa. Picha zake ninazo, lakini picha haisemi. Simu yake ilikuwa ile ya tochi, hairekodi hata kikohozi. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani: kwenye filamu moja ambayo Bosi alitaka tuirekodi ili auze diski. Diski hazikununuliwa. Ile moja ya asili akaifungia kabatini kwake.

Nikamwomba. Akanijibu kwa kiatu.

Ndipo nikaamua kuiba. Nawaungamia ninyi, maana mahakama siiamini.

*

Ngoja kwanza uijue filamu yenyewe, usije ukadhani nilijiingiza motoni kwa upuuzi.

Ilikuja na jina ambalo hakuna aliyeweza kulisoma. Bibie akaibatiza *Chini ya Pasi*.

Ni filamu ya wizi, lakini ondoa kichwani bunduki na magari kufukuzana. Hamna. Wazee watatu wanapanga duka la dobi lililopakana na benki. Wanachimba chini ya sakafu. Mke wa mmoja wao anabaki juu, anapiga pasi. Kila nyundo ikigonga chini, yeye anabamiza pasi juu ya meza, ili wapita njia wasikie pasi tu.

Na katikati ya kubamiza, anaongea na mumewe kupitia mbao za sakafu. Mume anaitika kutoka shimoni. Karibu filamu nzima hawaonani. Wanasikiana.

Mimi na bibie hatukujua hata neno moja la lugha yao. Tulizima sauti, tukatazama midomo, tukatunga. Walichokuwa wanaiba, sisi tulisema ni pete za wajane zilizoporwa na wenye benki. Filamu yenyewe ilisema nini, Mungu ndiye ajuaye, na wenyewe hawajaja kulalamika.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa. Haukujaa tena.

"Steringi yuko wapi?" mtu mmoja akapiga kelele, akimtafuta shujaa wa filamu.

"Si huyo mzee!"

"Huyu anayekohoa? Steringi gani anakohoa?"

"Labda kikohozi ndiyo silaha yake!"

Wakacheka mpaka viti vikalia. Kuna mahali nyundo inagonga, vumbi la ukuta linadondoka kwenye kikombe cha chai cha yule mzee. Anakitazama. Anakoroga. Anakunywa. Pale wakazomea kabisa. Mimi, kila nikipaona, moyo unanibana. Yule ni mtu aliyekwisha kuamua. Mtu aliyeamua hamwagi chai.

Bosi akatuingilia kibandani, jasho linamtoka.

"Hiki kimya ni cha nini? Wekeni ngoma hapo!"

"Bosi," bibie akamwambia, "umeona wapi mwizi akiingia na ngoma?"

"Basi waongee!"

"Waongee nini, nao wanatoboa ukuta? Hata wewe ukitunga uzi kwenye sindano unafumba mdomo."

Bosi akatutazama kama tumemtukania ukoo. Yeye alizoea filamu ambazo mlango wa benki unalipuka na watu wanasimama juu ya viti. Hii ilimwonyesha watu wakingoja, na mkubwa yeyote hajui kungoja ni nini. Wanaongoja ni sisi.

*

Shemeji yangu, mdogo wake bibie, watu wanamwita Waya. Ni fundi wa sauti pale ukumbini. Alikuja nyumbani kwetu hajui hata kushika bisibisi. Tukamlisha, tukamvisha, nikamtafutia kazi kwa Bosi huyo huyo. Maikrofoni ya kwanza aliyoishika maishani nilimshikisha mimi, nikamwambia, "Usiile, iongeleshe."

Nikamfuata nyumbani kwake. Alikuwa barazani, kafungua spika, matumbo yote nje.

"Shemeji," nikamwambia, "si unitolee nakala tu kwenye kompyuta? Sauti tulirekodia kwako."

"Bosi alifuta zote, shemeji. Alitaka nafasi ya filamu za ngumi." Hakuinua macho. "Imebaki diski moja. Kabatini."

"Basi nipe ufunguo."

Bisibisi ikamponyoka.

"Uzee huu na wizi?"

"Wale wa kwenye filamu walikuwa wazee kuliko mimi."

"Wale walikuwa wanaigiza!"

"Na mimi miaka yote nilikuwa nafanya nini?"

Akacheka kidogo, kicheko kikafia njiani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ukiisikia utaumia bure. Mwache dada alale."

"Yeye amelala, shemeji. Mimi ndiye silali."

Aliguna. Akachokoachokoa nyaya zake. Mimi, mjinga, nikadhani anamlilia dada yake. Nikamwekea mkono begani. Msomaji, mkono huo, ningejua, ningeurudisha mfukoni.

Mwishowe akakubali, akanipa ufunguo, na kupanga akapanga vizuri, kama mtu aliyesoma.

"Usije usiku. Usiku kuna mlinzi na mbwa. Njoo Jumamosi mchana, filamu ya ngumi ikianza. Ukumbi utakuwa na kelele, hata ukipasua kabati kwa shoka hakuna atakayesikia."

"Na mtia sauti? Njia ya ofisini inapita kibandani."

"Kasuku?" Kasuku ni yule waliyemweka kwenye kiti changu. Zamani alikuwa anatangaza dawa ya panya sokoni kwa kipaza sauti. "Wakianza kupigana, Kasuku anatoka kuvuta sigara. Ngumi hazihitaji tafsiri. Ukisikia ya kwanza, pita."

*

Jumamosi nikavaa shati la heshima. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa naenda kumchukua mke wangu.

Mlangoni alikuwa Dada wa Tiketi, mama mtu mzima anayewajua watazamaji wote kwa tabia zao. Alimpenda sana bibie. Nilikuwa nimeshamdokeza.

"Baba, umependeza," akaninong'oneza. "Unaiba au unaposa?"

"Vyote."

"Pita upande wa choo. Nikiona hatari nitapiga chafya."

"Na ukipatwa na chafya ya kweli?"

"Basi utajuana na Mungu wako."

Nikabana kwenye korido. Ndani Kasuku alikuwa anatia sauti kwa pupa, kila mtu kwenye filamu anaongea kama anauza dawa ya panya. "Nitakuua! Nitakuua leo na kesho! Changamkia!" Bibie angesikia angevua kanga akamfunge mdomo.

Ngumi ya kwanza ikalia. Ukumbi ukapiga yowe. Kasuku akatoka na sigara sikioni, akanipita bila kuniona.

Nikaingia kibandani. Kiti changu. Kiti chake, wamekiwekea ndoo ya mopu. Nikajizuia, nikapita, nikafungua ofisi. Kabati halikuwa hata na kufuli.

Hilo lingenishtua, lakini mwizi mgeni hashtuki, anashukuru.

Nikapekua. Filamu za ngumi, za joka, za ngumi na joka. Chini kabisa nikaliona kasha, mwandiko wa bibie kwa kalamu nyekundu: *Chini ya Pasi*. Nililikumbatia kabla ya kulifungua.

Nikalifungua.

Tupu.

Nikapapasa kabati lote kwa mikono, kama kipofu. Hamna. Nikatoka mle ofisini, kasha tupu kifuani, nikawa sina haja ya kujificha tena. Wa kujificha ni aliyeiba kitu.

Nikiwa katikati ya kibanda, ngumi zikaisha. Mapema kuliko kawaida, au Kasuku alikuwa na sigara mbili. Kwenye skrini mama mmoja anafika uwanjani, anamkuta mwanawe kalala chini. Anapiga magoti. Mdomo unaongea. Hakuna sauti.

Ukumbi ukaanza miluzi.

"Kasuku! Umekula ulimi?"

"Mama bubu huyo!"

Yule mama anaendelea kulia peke yake pale juu, hakuna wa kumsemea. Maikrofoni ilikuwa wazi, taa yake nyekundu inawaka.

Msomaji, mwizi mwingine angetambaa akatoke. Mwizi mtia sauti hawezi. Mdomo ukicheza mbele yake bila maneno, ni kama mwashi kuona tofali linaanguka. Utanyoosha mkono tu.

Nikakaa.

"Mwanangu," nikasema, kwa sauti hii hii nzito ya kizee, "nimekuja. Wamenichelewesha madirishani. Kila dirisha linaniambia si hapa. Nimekuja, usinikasirikie."

Kwanza wakacheka, maana mama alikuwa na sauti ya mtu mwenye ndevu. Kisha kicheko kikapungua. Kisha kikaisha.

Yule mama alipomfunika mwanawe kitambaa, nikasikia mtu akipenga kamasi safu ya nyuma.

"Ni mzee!" mtu akaita. "Jamani, mzee karudi!"

Dada wa Tiketi akapiga chafya. Nadhani alipiga kumi. Nilikuwa nimechelewa.

Mkono ukanishika bega, ukanyoosha kidole mbele yangu ukaizima maikrofoni.

"Nimeona wezi," Bosi akasema. "Lakini mwizi anayejitangaza kwa spika, wewe ni wa kwanza."

*

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Mkubwa akikasirika, mfukoni hana kitu. Akicheka, jua amekwisha kukuuza.

Mkononi alikuwa ameshika diski, anaizungushazungusha kidoleni.

"Unaitafuta hii?"

"Nipe, Bosi. Kwako ni takataka. Ulisema mwenyewe."

"Ilikuwa." Akavuta kiti cha bibie, akatupa ile ndoo pembeni, akakaa. "Kipande kimoja kimetoka, mzee. Kile cha mama na pasi. Kimesambaa kwenye simu za watu. Wanawake wanakisikiliza wakipiga pasi. Watu wanakuja hapa mlangoni, wanauliza, 'Yule mama anayeongea na sakafu, filamu yake lini?' Sasa naizindua."

Nikasahau kwamba nimekamatwa. Naapa nilisahau.

"Niliwaambia!" nikasema. "Niliwaambia ile ni filamu! Mkasema haina ngumi!"

"Ulisema kweli."

"Kwa hiyo wananitafuta na mimi?"

Bosi akaniangalia kama unavyomwangalia mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

"Wewe? Hapana. Wewe humo."

Akabonyeza kompyuta.

Kompyuta ile ile iliyofutwa. Sauti yake haikuwa imefutwa hata punje.

Kwenye skrini ndogo mama akabamiza pasi, na sauti ya mke wangu ikajaa kibandani. "Bwana wee, ukuta haukimbii. Pumzika." Sikujijua nilivyokaa. Ilikuwa yeye, na ile pumzi anayoivuta kabla ya kunitania. Nikafumba macho kungoja sauti yangu imjibu, maana jibu nilikuwa nalikumbuka.

Jibu likaja. Maneno ni yangu. Sauti siyo.

"Nikipumzika, mke wangu, nani atakuletea pete?"

Sauti changa, laini, haina kikohozi. Sauti niliyoifundisha mimi mwenyewe: usiile, iongeleshe.

Nikafumbua macho. Waya alikuwa kasimama mlangoni, mikono nyuma kama mtoto aliyevunja chungu.

"Shemeji," akasema.

"Usiniite hivyo."

"Nisikilize kwanza."

"Nimeshakusikiliza! Nimekusikiliza sasa hivi, unamwita mke! Yule ni nani yako?"

Akageuzia uso koridoni.

"Nakuuliza, Waya. Yule anayepiga pasi ni nani yako?"

"Dada yangu."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Na unamwitikia kama mume."

"Ni filamu tu, shemeji!"

"Filamu kwako! Mimi nilikuwa nimekaa hapa, yeye kakaa pale, goti lake kwenye goti langu! Yale maneno hakuwa anamwambia mzungu wa kwenye skrini. Alikuwa ananiambia mimi!"

Akaanza kulia. Machozi ya msaliti ni mepesi, yanatoka hata kabla ya kosa kutajwa.

"Bosi alisema sauti yako inakohoa," akasema. "Alisema ama niseme mimi, ama aseme Kasuku. Ningekubali Kasuku amwite dada yangu mke? Kasuku, shemeji?"

"Kwa hiyo ukaona bora wewe."

"Niliona bora abaki nyumbani!"

"Nyumbani kwake ni kwangu! Na ufunguo ulinipa wa nini? Wa kabati tupu?"

Akamtazama Bosi. Bosi akatazama kucha zake. Hapo nikaelewa kila kitu, pamoja na kabati lisilo na kufuli. Waliniita. Walinitega kama panya, na jibini lenyewe hawakuliweka.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo. Nipo mpaka sasa, nakula, nalala, na langu limechukuliwa hivyo hivyo.

"Sauti yangu ina kikohozi," nikamwambia Bosi, "kwa sababu steringi ana kikohozi. Mtu anachimba vumbi! Atoe sauti ya bwana harusi?"

"Ndiyo maana mara ya kwanza haikununuliwa," Bosi akajibu.

*

Nje ya kile kioo ukumbi ulikuwa umegoma kuendelea na filamu. Walikuwa wanapiga miguu sakafuni. "Mzee! Mzee! Mzee!"

Bosi akasikiliza, akatabasamu, akaniinulia ile diski.

"Sasa tuongee kama watu wazima. Hii ndiyo ya asili, ina sauti zenu wawili, na iko moja tu; sauti yako nimeifuta kwenye kompyuta. Toka mbele pale. Waambie mwanamume wa kwenye *Chini ya Pasi* ni Waya, tangu mwanzo. Waambie wewe umechoka, umempa baraka zako. Wewe ni shemeji yake, watakuamini. Ukimaliza, unaichukua diski yako unakwenda nayo nyumbani."

"Na nikikataa?"

Akaishika diski kwa mikono miwili, akaikunja kidogo. Ikalia. Kijisauti chembamba, kama mdudu.

"Na polisi nitawaita, maana umetoka ofisini kwangu na kasha langu."

Msomaji, niambie wewe ungefanya nini. Usiniandikie barua ya ushujaa. Wewe mkeo anakuita chakula kimeiva. Mimi wangu yuko kwenye kile kiplastiki, na mikono iliyokishika ni ya mtu aliyenirushia kiatu.

Nikachukua maikrofoni ya mkononi, nikashuka.

Nikatembea katikati ya viti, watu wananishika shati. Taa ziliwashwa. "Mzee, yule mama ulimwotesha ndevu!" "Mzee, umewaliza watu wazima!" Nikafika mbele, nikageuka, skrini nyeupe mgongoni. Kule mwisho, mlangoni pa kibanda, Bosi alikuwa amesimama chini ya taa, diski iko juu, niione vizuri. Nyuma ya kioo kichwa cha Waya kilikuwa kimeinamia mashine.

"Ndugu zangu," nikasema.

Wakanyamaza.

"Mnaniuliza kuhusu ile filamu ya pasi." Nikaitazama ile diski. "Yule mwanamume mnayemsikia mle... Yule mwanamume ni shemeji yangu, Waya. Mimi..."

"Wewe nini?" mtu akauliza.

"Mimi nimechoka."

Minong'ono ikapita. Bosi akatikisa kichwa, vizuri, vizuri, kisha akapiga vidole kumwashiria Waya. Taa zikazimwa. Skrini mgongoni mwangu ikawaka, nikaona nyuso za watu zimekuwa za buluu. Bosi alikuwa amepanga: mzee aseme, kisha kipande kichezwe, watu wapige makofi.

Pasi ikabamizwa. Kisha nyundo ya chini ikanyamaza, na mke wangu, kwa spika zote za ukumbi, akainama kwenye mbao akauliza:

"Mbona kimya huko chini? Upo?"

Hapo ndipo sauti ya Waya ilipaswa kuja.

Haikuja.

Sijui mpaka leo kama aliizima makusudi au kidole kiliteleza. Pasi juu ya meza ikabaki inafuka moshi. Mama akasubiri. Ukumbi mzima ukasubiri, na hakuna aliyepiga mluzi. Katika historia ya ukumbi ule, hicho ndicho kimya cha kwanza ambacho hakikuzomewa.

Nilijua bei yake. Naomba hilo mnielewe. Nilijua.

"Nipo," nikasema. Kikohozi kikanikaba, nikakohoa ndani ya maikrofoni, nikarudia. "Nipo, mama. Nilikuwa nakusikiliza tu."

Watu wakainuka. Sijawahi kusikia makofi kama yale, hata kwa filamu ya joka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele na kilio kwa pamoja, vimechanganyika. Nikatega sikio nyuma ya makofi, maana nilikuwa nangoja kusikia kitu kimoja tu, kitu cha plastiki kikivunjika.

Taa zikawashwa.

Bosi alikuwa bado pale mlangoni. Mikono yake miwili ilikuwa mbele yake, imefunguka, na alikuwa anaitazama kama si yake. Mitupu. Sakafuni hapakuwa na kipande. Nyuma ya kioo, kiti cha fundi wa sauti kilikuwa kinazunguka chenyewe.

Dada wa Tiketi akaingia mbio kutoka nje.

"Waya kanipita hapo mlangoni!" akapayuka. "Kanisukuma! Ana kitu ndani ya shati, na analia kama mtoto! Kuna nini jamani?"

Anaipeleka kwangu, au anaipeleka kwake? Sikupata nafasi ya kuwaza. Bosi aliinua macho, akatazama mlango aliopitia Waya, kisha polepole akageuka, akanyoosha kidole katikati ya vichwa vyote vile mpaka kikanifikia.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Mshikeni mwizi huyo!"

Safu ya mbele, wale wale waliokuwa wakinipigia makofi, wakaanza kunisogelea.